Barua kwa Mwanangu: Shati Limo Katika Mishono

Mwanangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya, kama nilivyo mimi ninapokuandikia. Ni salamu tuliyoizoea, lakini safari hii nimesita kidogo juu ya neno "mzima", kwa sababu barua yako imenifanya nilifikirie kwa muda wa wiki nzima. Aliye hai tunasema ni mzima, asiyeumwa ni mzima, aliyekomaa ni mtu mzima, na kitu ambacho hakikupungukiwa na sehemu yake yoyote ni kizima. Nadhani waliotuachia lugha hii waliona kwamba uhai, afya, ukomavu na ukamilifu ni majirani wa karibu sana, hata wakavipa mlango mmoja wa kuingilia.

Uliniandikia kwamba katika programu kubwa mnayoitengeneza kazini umekabidhiwa kipande kidogo mno, ambacho kazi yake ni kupokea namba kutoka sehemu moja na kuzifikisha sehemu nyingine. Kwamba wenzako wanatengeneza mambo yanayoonekana, na wewe unatengeneza kitu ambacho hata kikikamilika hakuna atakayejua kuwa kipo. Ukaongeza sentensi iliyoniuma: "Mama, mimi ni kipande cha kipande." Sitakujibu kwa kukubembeleza, kwa kuwa hukuomba kubembelezwa. Nitakueleza ninavyoelewa mimi jinsi vipande vinavyokuwa kitu kizima, jambo ambalo mikono yangu imelifanya kwa miaka zaidi ya 30, kwa sababu naamini umekosea mahali pamoja: umedhani kwamba kitu kizima kimegawanyika ndani ya vipande vyake, na kwamba aliyepewa kipande kidogo amepewa fungu dogo la kitu hicho.

Kosa hilo ni jepesi kulifanya, na hata methali zetu zinaweza kutusukuma huko. Haba na haba hujaza kibaba, twasema, nayo ni kweli kwa kibaba. Kibaba kikijaa, kilichomo ni kile kile kilichokuwamo kilipokuwa nusu, ila sasa kimezidi wingi. Ukitoa konzi moja kimepungua konzi moja, na ukikimimina na kukijaza upya, punje za chini zikawa juu na za juu zikawa chini, hakuna kilichobadilika. Hilo ni rundo, na rundo huhesabiwa kwa kujumlisha. Kama programu yenu ingekuwa rundo, hesabu yako ingekuwa sahihi na mimi nisingekuwa na la kusema. Lakini vitu vingi ambavyo binadamu huvithamini si marundo, na ufundi wote wa dunia uko katika tofauti hiyo.

Ulipokuwa na miaka saba ulipenda kukaa chini ya meza yangu ya kukatia. Siku moja nilikuwa nimekata shati, nawe ukavichukua vipande vyote ukavitandaza sakafuni kwa umbo la mtu aliyelala: viwili vya mbele, kimoja cha mgongo, viwili vya begani, mikono miwili, vinne vya kola, vinne vya mwisho wa mikono, na mfuko mmoja. Ukavihesabu kwa sauti, vikawa 16. Kisha ukanitazama ukauliza, "Mama, shati liko wapi?" Nilikujibu kwamba lilikuwa halijashonwa, nikaendelea na kazi, kwa maana nilikuwa na haraka. Swali lako lilistahili jibu refu zaidi, na leo ndiyo nalitoa.

Kitambaa chote cha shati kilikuwa pale sakafuni mbele yako. Hakikupungua hata uzi mmoja. Hata hivyo shati halikuwapo, na nisingeweza kulipata kwa kukupa kitambaa zaidi. Fikiri juu ya mkono wa shati peke yake. Ukiukata na kuulaza juu ya meza, sehemu yake ya juu ina kilima, ukingo uliopinda kwenda nje. Tundu la mkono kwenye kiwiliwili limepinda kwenda ndani. Ukivilaza viwili hivyo kando kwa kando, pinde zao zinakataana. Tena ukipima kwa utepe utakuta ukingo wa mkono ni mrefu kuliko ukingo wa tundu, pengine kwa sentimita moja au mbili, na mwanafunzi wangu yeyote anapoliona hilo kwa mara ya kwanza hudhani nimekosea kukata, naye huchukua mkasi ili aninusuru. Namzuia. Namwonyesha jinsi ya kubana kingo hizo mbili kwa pini, taratibu, akiugawa ule urefu uliozidi kidogo kidogo pale juu bila kuacha kikunjo hata kimoja. Na anapopitisha cherehani na kukigeuza, kitambaa ambacho kilikuwa bapa kama karatasi kinainuka chenyewe na kuwa bega. Hakuna bega katika mkono uliolazwa mezani, wala hakuna bega katika tundu. Mviringo ule haukuwa katika kipande chochote kati ya vile 16, nao haukuletwa kutoka nje. Umezaliwa kwenye mshono, mahali ambapo pinde mbili zinazokataana zimelazimishwa kukubaliana.

Na mshono wenyewe, ukiutazama kwa karibu, ni hadithi ile ile kwa udogo. Cherehani yangu hutumia nyuzi mbili, uzi wa juu unaopita kwenye sindano na uzi wa chini unaotoka kwenye bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi kilicho chini ya sindano. Sindano inaposhuka hupenyeza uzi wa juu hadi chini ya kitambaa, na inapoanza kupanda uzi huo hulegea na kufanya kitanzi kidogo. Ncha ya kile chuma kinachozunguka hukidaka kitanzi, hukizungusha kwenye bobini, na nyuzi mbili hukabana. Zikikazwa sawasawa, fundo lao linakaa katikati ya unene wa kitambaa, mahali ambapo jicho halifiki. Uzi wa juu ukikazwa kupita kiasi humvuta mwenzake juu, mshono ukawa na madoa kwa nje. Uzi wa chini ukiisha bila wewe kujua, sindano itaendelea kutoboa kwa bidii na sauti ile ile, na ukifika mwisho wa upindo utakuta umeshona hewa. Hakuna hata mmoja kati ya nyuzi hizo unaoshika kitu kwa peke yake.

Nimetaja kushona kwa kuwa ndiyo kazi yangu, lakini wewe uliyependa vitabu tangu utotoni huhitaji cherehani ili kuliona jambo hili. Chukua herufi nne tu: a, i, l na m. Ukizipanga kwa njia moja unapata "lima", na mkulima yuko shambani na jembe lake. Zipange tena, unapata "mali". Zipange tena, unapata "mila". Zigeuze, unapata "lami" iliyomwagwa barabarani, na ukizigeuza mara nyingine unapata "imla" ambayo mwalimu wako alikuwa akikusomea huku ukiandika na ulimi umeutoa nje. Ni maneno matano yasiyo na udugu wa maana, wala hakuna herufi iliyoongezwa au kupunguzwa. Ukiniuliza mali imo katika herufi gani kati ya zile nne, sitakuwa na jibu, kwa kuwa lami nayo inazo zote.

Mwanafalsafa wa Kigiriki Aristotle aliliona hili zaidi ya miaka 2300 iliyopita, naye alitumia mfano wa silabi: "ba", alisema, si b na a tu, kwa sababu ukiivunja silabi haipo tena, ilhali herufi zake zingali zipo. Kwa hiyo lazima silabi iwe na jambo jingine zaidi ya herufi, na jambo hilo haliwezi kuwa herufi ya tatu, la sivyo tungeuliza tena ni kitu gani kinachoziunga hizo tatu. Nimeipenda sana hoja hiyo, kwa kuwa inamzuia mtu kwenda kutafuta kipande cha siri ambacho ndicho "chenyewe". Hakuna kipande cha siri. Kuna namna vilivyounganishwa.

Lugha yetu inatuonyesha hata zaidi, kwa sababu sisi hushona sentensi nzima ndani ya neno moja. Katika barua yako uliniomba gauni, nami nakujibu: nitakushonea. Ukilifumua neno hilo utapata ni, ta, ku, shon, e na a. "Ni" hapo ndiye mtendaji, yaani mimi. "Ta" imebeba wakati ujao. "Ku" ni wewe. "Shon" ni kazi yenyewe. "E" inasema kazi hiyo inafanywa kwa ajili yako, na hiyo "a" ya mwisho inalifunga neno kama upindo unavyofunga nguo. Sasa sema "utanishonea". "Ni" ni ile ile, lakini imehama kutoka mwanzo ikaingia katikati, na kwa kuhama tu imegeuka kutoka mshonaji ikawa mshonewaji. Haikubadilika sauti wala urefu. Kilichobadilika ni jirani zake na mahali inapokaa kati yao. Na ile "e", sauti moja ndogo ambayo mgeni wa lugha huisahau kila mara, ikitoka, neno linakuwa "nitakushona", na hapo unapaswa kukimbia, maana sindano inakuja kwako.

Neno jingine ambalo limenishika ni "kiungo". Mkono ni kiungo cha mwili. Na mahali ambapo mfupa hukutana na mfupa, kama kwenye goti, pia ni kiungo. Sehemu na mahali zinapokutana sehemu vina jina moja, lililotoka katika kuunga. Na mwili wote tunauita maungo. Tungeweza kuuita jumla ya nyama na mifupa, lakini tumeuita kwa kule kuungana kwake.

Katika maumbile mifano ni mingi, nami nitaipitia upesi ile ambayo uliisoma shuleni. Haidrojeni huwaka, oksijeni huchochea moto, na zikiungana huwa maji, tunayomwagia moto ili uzimike. Risasi nyeusi iliyomo ndani ya penseli yako ni hasa grafiti, ambayo ni kaboni, na almasi nayo ni kaboni. Katika almasi kila atomu imeshikana na nne nyingine pande zote, ndiyo maana inakata kioo, na katika grafiti kila moja imeshikana na tatu tu katika tabaka bapa, na tabaka hizo huteleza moja juu ya nyingine, ndiyo maana penseli huacha alama kwenye karatasi. Atomu ni zile zile kabisa. Anayemiliki almasi anamiliki mpangilio.

Lakini kuna mfano mmoja sitaki kuupita upesi. Wanasayansi wanaweza kuzitenganisha seli za misuli ya moyo na kuzilea katika kisahani chenye majimaji yenye lishe. Nyingi kati yake, hata zikiwa peke yake, huendelea kudunda. Lakini kila moja hudunda kwa mwendo wake, hii haraka, ile polepole, kama watu waliosimama mbalimbali wakipiga makofi bila kusikilizana. Zinapokua na kugusana, hufungua vijia vidogo kati yao, tando za seli mbili zikawa na matundu yanayokutana, na umeme mdogo wa seli moja hupita ukaingia katika nyingine. Baada ya hapo hudunda pamoja. Hakuna seli iliyochaguliwa kuwa kiongozi pale kisahanini, wala hakuna inayojua kwamba moyo ni nini. Kudunda kulikuwapo tangu seli zilipokuwa mbalimbali. Mapigo ya pamoja, yale yanayoweza kusukuma damu, yamepatikana kwenye mgusano. Na ndani ya kifua chako, mwanangu, mapigo hayo hutokea takriban mara 100,000 kila siku, kupitia matundu ambayo jicho lako haliwezi kuyaona na ambayo hakuna anayeyasifu.

Yapo masimulizi ya kale ya Wabuda yanayomhusu mfalme Milinda na mtawa aitwaye Nagasena. Mfalme alifika kwa gari la kukokotwa, na mtawa akamwuliza gari ni nini. Je, ni ekseli? Hapana. Magurudumu? Hapana. Nira? Hapana. Ni vyote kwa pamoja? Hapana tena. Je, ni kitu kingine mbali na hivyo? Hapana. Basi, mfalme akahitimisha na mtawa akakubali, "gari" ni jina tu, linalotumika pale vipande hivyo vinapokuwapo. Nimelitafakari jibu hilo mara nyingi nikiwa kwenye cherehani, na mimi sikubaliani na neno "tu". Mfalme hakufika pale kwa kupanda jina. Alifika kwa kuwa gurudumu lilikuwa limeingia kwenye ekseli kwa nafasi iliyowekwa sawasawa, isiyobana hata likagoma kuzunguka, wala isiyolegea hata likachomoka njiani. Ile nafasi haikuwa mbao wala chuma, lakini ilikuwa kweli kama vilivyo vyenyewe, na fundi aliyeikosea angemwangusha mfalme.

Tena muungano huo hudumu hata vipande vinapoondoka. Chembe nyekundu za damu huishi kama siku 120 kisha hufa na nafasi zake huchukuliwa na nyingine. Zile zilizokuwa mwilini mwako asubuhi ile ya mwaka jana ulipoondoka nyumbani zimekwisha zote, nawe bado ni yule yule niliyemkumbatia mlangoni.

Sasa niruhusu nikusimulie jambo ambalo sijawahi kukusimulia. Kabla hujazaliwa, mimi na fundi mwenzangu tulipokea kazi ya mashati 30 kwa ajili ya kikundi kimoja. Muda ulikuwa mfupi, tukagawana: mimi nishone viwiliwili, yeye akate na kuandaa mikono nyumbani kwake. Nikaunga mabega na mbavu, nikapima kuzunguka tundu la mkono, nikamwandikia namba kwenye karatasi. Nilipima kwenye ukingo wa kitambaa. Yeye aliposoma namba ile aliielewa kuwa ni kipimo cha mstari wa kushonea, ulio ndani ya ukingo kwa sentimita moja na nusu. Na tundu, kwa kuwa limepinda kwenda ndani, mstari wake wa kushonea ni mrefu kuliko ukingo wake. Akakata mikono yote 60 kwa ustadi mkubwa. Siku ya kuunganisha, mkono wa kwanza haukutosha. Tukajaribu wa pili. Ilipofika wa tano tukaacha kujaribu, tukakaa kimya, na ninakumbuka kwamba yeye aliendelea kuunyoosha ule mkono juu ya goti lake kwa kiganja, kana kwamba ungeongezeka. Hakuna aliyekosea kazi yake. Viwiliwili vyangu vilikuwa safi, mikono yake ilikuwa safi, na namba yenyewe ilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni maneno matatu tu kwenye karatasi: "kipimo cha ukingo". Mikono ile tuliikata upya kwa gharama yetu, na tangu siku hiyo sijampa mtu yeyote namba bila kumwambia ni namba ya nini.

Miaka kadhaa baadaye nilisoma habari za chombo cha angani cha Marekani kilichoitwa Mars Climate Orbiter, nikahisi kana kwamba naisoma karatasi yangu mwenyewe. Kilirushwa tarehe 11 Desemba 1998, kikasafiri kwa zaidi ya miezi tisa kuelekea sayari ya Mirihi. Njiani, injini zake ndogo zilipokuwa zikiwashwa ili kukiweka sawa, programu moja huku duniani ilihesabu nguvu ya msukumo huo na kuandika matokeo kwa vipimo vya pauni, na programu nyingine iliyoyasoma matokeo hayo ilitarajia nyutoni, kipimo kingine cha nguvu. Pauni moja ya msukumo ni karibu nyutoni 4.45, kwa hiyo kila msukumo ulihesabiwa kuwa mdogo kuliko ulivyokuwa. Hakuna namba moja iliyoweza kuonekana mbaya kwa kuitazama. Makosa yalijilimbikiza kidogo kidogo, na tarehe 23 Septemba 1999 chombo kilipofika kwenye sayari kilipita umbali wa kama kilometa 57 tu juu ya uso wake badala ya kilometa 226 zilizokusudiwa, kikaingia katika hewa yake, kikapotea. Injini ilifanya kazi. Programu ya kwanza ilihesabu sawasawa. Ya pili nayo ilihesabu sawasawa. Chombo kile kilipotelea mahali pale pale ambapo namba hutoka mkono mmoja na kuingia mkono mwingine.

Soma tena jinsi ulivyoielezea kazi yako: kupokea namba kutoka sehemu moja na kuzifikisha nyingine. Umekabidhiwa mshono, mwanangu. Ndiyo maana hauonekani; mshono mzuri hauonekani, na mtu akivaa shati husifu kitambaa. Lakini mimi niliyetazama mashati yakirudi kwa miaka yote hii nakuhakikishia kwamba ni mara chache sana nimeona shati lililochanika katikati ya mgongo likiwa bado jipya. Huachia kwapani, kwenye mshono, pale ambapo mwili unapojinyoosha vipande viwili huvutana.

Usinielewe vibaya nikawa kama ninayekuambia kwamba kila kitu kizima ni chema na kila kipande kinyamaze. Wapo viumbe vya udongoni vya seli moja viitwavyo Dictyostelium, ambavyo huishi kila kimoja kivyake vikila bakteria. Chakula kinapokwisha huitana kwa kemikali, hukusanyika kwa maelfu, na kuwa mwili mmoja unaotambaa kama konokono mdogo asiye na gamba. Kisha mwili huo husimama. Karibu moja ya tano ya seli zile hugeuka kuwa shina na kufa hapo, ili zilizobaki zipande juu yao na kuwa spora, yaani chembe za kuanzisha uhai upya, zitakazobebwa hadi mahali penye chakula. Ni jambo la kustaajabisha, nami naliheshimu, lakini sitaki liwe fungu lako. Wewe si seli. Una haki ya kujua kitu mnachokitengeneza ni kwa ajili ya nani, ya kutaja jina lako pale kazi inapohesabiwa, na ya kuondoka ukiona kwamba umekuwa shina la watu wengine kupandia. Mkono wa shati haupotezi umbo lake kwa kuunganishwa na tundu. Ukipoteza umbo, huo si mshono, ni kitambaa kilichobanwa. Na ukiona kwamba kinachokuumiza kazini ni hicho, niandikie waziwazi, tutazungumza kwa namna nyingine.

Lakini kama kinachokuumiza ni udogo wa kipande tu, basi kabla ya kuniandikia tena naomba ufanye jambo moja. Mtafute anayekupa zile namba, na umtafute anayezipokea kutoka kwako. Kaa nao, ikiwezekana siku moja na meza moja. Waulize namba hizo zinahesabu nini na kwa kipimo gani, zinaanzia sifuri au moja, na siku ambayo hakutakuwa na namba ya kupitisha ni kitu gani kinachotakiwa kupita badala yake: sifuri, au nafasi tupu, au onyo? Nina hakika utakuta angalau jambo moja ambalo kila mmoja wao alidhani mwenzake analijua. Kisha nichoree kipande chako kwenye karatasi, lakini usikichore peke yake. Kichore pamoja na vile vinavyokigusa pande zote mbili, na mahali ambapo hujui kinagusana vipi weka alama ya kuuliza.

Gauni lako nimeshakata mbele na mgongo. Mikono bado, kwa sababu siwezi kuikata kabla sijajua tundu litakuwa na ukubwa gani, na hilo linategemea bega lako, ambalo kwa picha uliyonitumia naona limepanuka kidogo tangu uondoke. Mwombe mwenzako akupime kwa utepe, usijipime mwenyewe. Na unaponiandikia namba hiyo, niandikie pia ameanzia wapi kupima na ameishia wapi.

Mama yako